Ushujaa wa Kigali na Kazi ya Wakili Mahakamani

Wako watu wadhanio kwamba ushujaa ni mali ya askari peke yake, na kwamba mtu avaaye joho jeusi na kusema mbele ya jaji hana haja nao. Wengine, hasa miongoni mwa mawakili vijana, hudhani kinyume: huiona mahakama kuwa ni uwanja wa mapambano, shahidi wa upande wa pili kuwa ni adui, na sauti kubwa kuwa ndiyo silaha. Makundi yote mawili yamekosea. Wakili anayo mengi ya kujifunza kutoka kwa watu waliosimama imara wakati wa vita, lakini mafunzo hayo si ya kupiga wala ya kushinda kwa kelele. Mji wa Kigali, makao makuu ya Rwanda, unatoa mfano ulio wazi kupita mingi, kwa kuwa yaliyotendeka huko katika siku mia moja za mwaka 1994 yalikuja kupimwa baadaye, neno kwa neno, mbele ya majaji, kule Arusha na katika Kigali kwenyewe.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Kabla ya siku ya pili kwisha, Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, alikuwa amekwisha kuuawa. Alikuwa ameuawa pia Bwana Joseph Kavaruganda, Rais wa Mahakama ya Katiba. Askari kumi wa miavuli kutoka Ubelgiji, waliopelekwa kumlinda Waziri Mkuu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, walinyang'anywa silaha na kuuawa katika Kambi ya Kigali. Hivyo ndani ya siku moja aliondolewa aliyeongoza serikali na aliyekuwa mlinzi wa katiba. Kisha mauaji yakaenea nchi nzima. Watutsi waliwindwa nyumba kwa nyumba, na Wahutu waliokataa kushiriki au waliopinga siasa ile wakauawa pamoja nao. Umoja wa Mataifa umekadiria kuwa waliokufa wanazidi 800,000. Serikali ya Rwanda inahesabu zaidi ya milioni moja.

Katika giza hilo walikuwapo watu wachache walioitenda kazi yao kama ilivyopasa. Kwao ndiko wakili anakoweza kwenda kujifunza.

Kukaa penye wajibu

Funzo la kwanza ni la kukaa. Huko Kicukiro, pembeni mwa Kigali, ilikuwako shule ya ufundi iliyojulikana kwa jina la ETO. Watu wapatao 2,000 walikimbilia hapo kwa sababu askari wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa walikuwa wamepiga kambi shuleni. Tarehe 11 Aprili askari hao walipata amri ya kuondoka, nao wakaondoka. Wauaji, waliokuwa wakingoja nje ya ua, hawakukawia. Wengi wa watu wale waliswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro na kuuawa huko siku ile ile. Georges Rutaganda, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa Interahamwe, alihukumiwa kifungo cha maisha huko Arusha mwezi Desemba 1999, na miongoni mwa makosa aliyopatikana nayo ni lile la ETO.

Siku kumi baada ya hapo, tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama liliamua kukipunguza kikosi cha askari wapatao 2,500 hadi 270. Naibu kamanda wa kikosi, Brigedia Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana, alipoulizwa na mkuu wake, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, kama askari wake wangebaki, alijibu kuwa watabaki, hata kabla ya serikali yake kumpa idhini. Waliobaki walikuwa mia nne na ushei, wengi wao Waghana. Silaha zao zilikuwa duni, dawa na chakula vilikuwa haba, na mizinga ilikuwa ikipita juu ya vichwa vyao. Hata hivyo maelfu ya watu waliokuwa wamejificha katika Uwanja wa Amahoro na mahali pengine mjini walipona, kwa kuwa palikuwapo mtu mlangoni.

Wakili asikose kuziweka habari hizi mbili bega kwa bega. Mteja anapomwona wakili amesimama karibu naye, hujiona yumo ndani ya ua. Huacha kujificha, husema yaliyomo moyoni, hutoa siri zake. Wakili akijitoa katikati ya kesi kwa kuwa watu mitaani wamekasirika, au kwa kuwa kesi imekuwa nzito na malipo yanachelewa, mtu huyo hubaki uchi kuliko alivyokuwa kabla ya kumpata. Afadhali wakili asiyechukua kesi kuliko yule anayeichukua na kuitupa njiani.

Rwanda yenyewe ilikijua kishindo cha jambo hili. Vita vilipokwisha mwezi Julai 1994, majaji na wanasheria wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia, na magereza yalijaa. Kesi za kwanza za mauaji ya kimbari zilipofunguliwa huko Kibungo mwishoni mwa Desemba 1996, washtakiwa walisimama mbele ya mahakama pasipo wakili. Chama cha Mawakili kiliundwa mwaka 1997, na mawakili wa kigeni waliokuja na shirika la Avocats Sans Frontières wakasaidia kuwatetea washtakiwa na pia kuwasemea waliodhulumiwa. Kumtetea mshtakiwa wa mauaji katika mji ambao karibu kila nyumba ilikuwa na matanga haikuwa kazi ya mwoga. Wala haikuwa kuwasaliti wafu. Hukumu iliyotolewa pasipo mtu wa kuipinga huacha shaka nyuma yake, na shaka hiyo humwumiza hata yule aliyedhulumiwa.

Kapteni asiye na bunduki

Funzo la pili ni la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Alikuwa mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa, na waangalizi hawakuchukua silaha. Siku za mwanzo za mauaji aliwaficha na kuwaokoa watoto wa Waziri Mkuu aliyeuawa. Toka hapo hakupumzika. Aliwapakia watu katika gari lake, watatu, wanne au watano kwa safari moja, akawapitisha katika vizuizi vya barabarani ambako wanamgambo wenye mapanga na marungu waliamua nani apite na nani afe. Kisha alirudi kuwachukua wengine. Mamia ya watu wanasemekana kuwa hai kwa ajili yake. Aliuawa tarehe 31 Mei 1994, kombora lilipoanguka karibu na gari lake kwenye kizuizi. Mwaka 2014 Baraza la Usalama liliunda nishani ya ushujaa inayoitwa kwa jina lake.

Yafaa kuuliza: mtu asiye na bunduki alipitaje penye watu wenye kiu ya damu? Waliomjua wameeleza. Alikuwa mcheshi. Aliwajua walinzi wa vizuizi kwa sura. Alitoa sigara, alifanya mzaha, alizungumza nao kama binadamu hata pale walipokuwa wameacha ubinadamu. Hakupandisha sauti, kwa kuwa sauti ikipanda mkono hufuata. Hakutaka pia kumwokoa kila mtu kwa safari moja. Alijua gari lake linachukua wangapi, na alijua lile analolipeleka kwenye kizuizi kabla hajakifikia.

Hapa pana sanaa nzima ya wakili wa mahakamani. Wakili aliyejitayarisha haulizi swali kwa kubahatisha. Anajua anakokwenda kabla hajasimama. Hapakii hoja ishirini kwa safari moja. Huchukua tatu au nne zilizo na uzito, akazifikisha salama. Wala hamfokei shahidi. Mwenye hasira huonekana mbele ya jaji kuwa ni mtu aliyeishiwa na hoja, na shahidi aliyefokewa hujifunga kama konokono, ukweli ukabaki ndani. Wahenga walisema simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Kusikiliza jambo lisilotazamiwa

Funzo la tatu halikutoka kwa askari. Limetoka kwa wanawake wa wilaya ya Taba, magharibi ya Kigali. Mahakama ya Kimataifa kwa Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama tarehe 8 Novemba 1994, ikakaa Arusha, na ofisi ya wapelelezi wake ikawa Kigali. Miongoni mwa kesi zake za kwanza ilikuwa ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Kesi ilipoanza mwezi Januari 1997, hati ya mashtaka haikuwa na neno lo lote juu ya ubakaji. Shahidi mmoja, anayejulikana katika kumbukumbu za mahakama kwa herufi J tu, alikuwa akieleza habari nyingine alipotaja kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na wanamgambo watatu. Majaji hawakuliacha neno lile lipite. Walimwuliza zaidi, na miongoni mwao alikuwako Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee kati ya majaji wa mahakama hiyo wakati huo. Baadaye shahidi mwingine akaeleza aliyotendwa mwenyewe. Mwezi Juni 1997 hati ya mashtaka ikarekebishwa.

Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alipatikana na hatia. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kutamkwa kuwa ubakaji waweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Sheria ya dunia nzima ilisogea hatua moja mbele kwa sababu mama mmoja alisema jambo ambalo hakuulizwa, na waliomsikiliza hawakumkatiza.

Ushujaa wa mama huyo haupungui ule wa mtu aendaye mstari wa mbele. Alitoka kijijini kwake, akapelekwa katika nchi ya kigeni, akaketi mbele ya mtu aliyekuwa mkubwa wa wilaya yake, akasema kwa Kinyarwanda maneno yaliyopita kwa wakalimani hadi Kifaransa na Kiingereza. Wakili anayesimama kumdodosa shahidi wa namna hiyo ana haki, tena ana wajibu, wa kuupima ushahidi wake. Hana haki ya kumvua heshima. Mwaka 2001, katika kesi nyingine huko Arusha, majaji walionekana wakicheka wakati shahidi aliyebakwa alipokuwa akidodoswa. Ilielezwa baadaye kuwa kicheko kile kilikuwa juu ya maswali ya wakili, hakikuwa juu ya mama yule. Lakini jeraha lilikwisha kufanyika. Mwanzoni mwa mwaka 2002 vyama vya manusura vilisimamisha ushirikiano wao na mahakama. Maswali yasiyo na kipimo yaliiharibia mahakama nzima, si shahidi peke yake.

Ujasiri si ushahidi

Funzo la nne ni gumu kulikubali. Tarehe 11 Januari 1994, miezi mitatu kabla ya mauaji, Jenerali Dallaire alipeleka ujumbe wa siri New York. Alieleza kuwa mtu mmoja wa ndani ya wanamgambo amemfichulia maficho ya silaha mjini Kigali, na kwamba Watutsi wa mji huo walikuwa wakiorodheshwa, huenda kwa ajili ya kuuawa. Aliomba kuyavamia maficho yale. Alikatazwa. Kila asomaye ujumbe huo leo hushikwa na uchungu.

Jenerali huyo alirudi mara mbili kuwa shahidi huko Arusha: mwaka 1998 katika kesi ya Akayesu, na Januari 2004 katika kesi ya Kanali Théoneste Bagosora na maofisa wenzake watatu. Vita vilikuwa vimemwachia majeraha ya moyo ambayo yeye mwenyewe hakuyaficha, na alikuwa ameacha jeshi mwaka 2000 kwa ajili hiyo. Hata hivyo alisimama, akajibu maswali ya upande wa mashtaka na ya utetezi.

Kesi ile iliendelea toka mwaka 2002 hadi 2007, ikasikiliza mashahidi 242. Hukumu ilitolewa tarehe 18 Desemba 2008. Bagosora na wenzake wawili walipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari na makosa mengine. Lakini katika shtaka la njama, yaani kwamba washtakiwa hao walikula njama pamoja kabla ya tarehe 6 Aprili, majaji walisema halikuthibitishwa pasipo shaka ya maana. Ujumbe wa Januari nao waliupima na kuuona hautoshi kulibeba shtaka hilo. Naye wa nne, Jenerali Gratien Kabiligi, aliachiliwa. Mawakili wake walijenga hoja ya kutokuwapo kwake nchini katika siku za mwanzo, na upande wa mashtaka haukuweza kuivunja.

Wengi walinung'unika. Lakini mahakama hiyo hiyo, mwaka 2006, ilikwisha kutamka kuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo linalojulikana na wote, lisilohitaji tena kuthibitishwa. Lililobaki ni kumfunga kila mshtakiwa na tendo lake mwenyewe. Heshima ya shahidi haiwezi kufanya kazi hiyo, wala machozi ya umma hayawezi. Mwendesha mashtaka hana budi kuuliza juu ya kila karatasi: nani aliiandika, aliyajuaje aliyoyaandika, aliona kwa macho yake au aliambiwa? Na wakili wa utetezi, hata akisimama upande wa mtu anayechukiwa, analinda mpaka ambao siku moja utamlinda mtu asiye na hatia.

Mkubwa hujibu

Funzo la tano ni la uongozi. Mwezi Desemba 2011 mahakama ya rufani ilipunguza adhabu ya Bagosora kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 35. Majaji hawakuridhika kwamba ilithibitika aliamuru baadhi ya makosa yale. Walisema, hata hivyo, kuwa akiwa mkubwa mwenye mamlaka alipaswa kuyazuia, naye hakuyazuia. Alifia nchini Mali mwezi Septemba 2021, akiwa bado anatumikia kifungo chake.

Kila ofisa wa jeshi na wa polisi ayatie maanani maneno hayo. Mkubwa hajibu kwa amri aliyoitoa tu. Hujibu pia kwa kimya chake. Wakili kiongozi naye yu katika sheria hiyo hiyo ya uongozi. Anao mawakili wadogo, makarani na wapelelezi chini yake. Kielelezo kikipotea, au shahidi akifunzwa uwongo, au tarehe ya kukata rufani ikipita, asiseme kuwa kosa ni la karani. Jenerali Anyidoho hakusema kuwa Accra haijajibu. Alisema watabaki, kisha akayabeba matokeo.

Kwa askari, polisi na jamaa zao

Mafunzo haya hayakuandikwa kwa mawakili tu. Askari na polisi huitwa mara kwa mara mahakamani. Na mke, mume au mzazi wa askari aweza kuitwa pia. Mtu wa namna hiyo na akumbuke mambo machache. Daftari lililoandikwa siku ile ile lina nguvu kuliko kumbukumbu ya miaka mitano baadaye. Kusema "sikuona" panapo jambo ambalo hukuliona si aibu. Aibu ni kujaza pengo kwa dhana. Ukiulizwa kwa ukali, jibu kwa upole na kwa ufupi. Na kama jambo zito halijaulizwa, mwambie wakili au mwendesha mashtaka kabla ya kesi, asije akalisikia kwa mara ya kwanza mbele ya jaji.

Warwanda walilijaribu jambo hili kwa upana ambao haukupata kuonekana kwingine. Mahakama za gacaca, zilizoanza mwaka 2002 na kufungwa tarehe 18 Juni 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni mbili. Hazikuwa na mawakili. Raia walikaa majanini, jirani akamwuliza jirani, mjane akamkabili aliyemfisha mumewe. Zilikuwa na kasoro zake, na zimekosolewa hasa kwa kukosa watetezi waliosomea kazi hiyo. Lakini zimeonyesha kuwa ujasiri wa kusema kweli hadharani haungoji shahada ya sheria.

Mjini Kigali, mahali palipokuwa Kambi ya Kigali, zimesimamishwa nguzo kumi za mawe, moja kwa kila askari wa Ubelgiji aliyeuawa siku ile ya tarehe 7 Aprili. Ukuta wa nyumba waliyojihami ndani yake umeachwa na matundu yake ya risasi. Wakili kijana akipita hapo, asimame kidogo. Watu wale walitumwa kumlinda mtu mmoja, na mtu huyo aliuawa. Hata kesi iliyotayarishwa vema huweza kushindwa. Haki haimdai wakili ushindi kila siku. Inamdai awe mahali pake pindi jina la mteja wake linapoitwa.